Ujumbe wa Heshima, Merikebu za Askari

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Hawakusema kwamba shehena ya merikebu yake isikaguliwe. Ushahidi tunao katika habari za ufalme wa Siam, nchi ambayo leo yaitwa Thailand.

Mwaka 1664 Waholanzi, baada ya kuuzingira mlango wa mto Chao Phraya kwa manowari zao, waliulazimisha ufalme huo kutia sahihi mkataba wa biashara wenye masharti mazito. Mfalme Narai akaona hana budi kutafuta rafiki wa kumkinga na ujeuri huo. Akamwelekea Louis wa 14 wa Ufaransa. Ujumbe wake wa kwanza, uliofunga safari mwaka 1680, ulipotea pamoja na merikebu Soleil d'Orient katika Bahari ya Hindi, upande wa Madagaska. Sisi watu wa visiwani twaijua huzuni ya chombo kisichorudi. Narai hakukata tamaa. Alituma wajumbe wengine.

Tarehe 1 Septemba 1686 balozi wake, Kosa Pan, alipokewa kwa shangwe katika kasri ya Versailles. Barua ya mfalme wake, iliyoandikwa juu ya bamba la dhahabu, wajumbe waliitukuza kana kwamba ni mfalme mwenyewe. Hawakwenda kuomba sadaka. Walikwenda kuiwakilisha dola mbele ya dola.

Lakini msafara uliomrejesha Kosa Pan kwao mwaka 1687 ulipakia pia askari wa Kifaransa wapatao 600, na madai ya kukabidhiwa ngome za Bangkok na Mergui. Narai, akishauriwa na Mgiriki Constantine Phaulkon, alikubali. Mwaka uliofuata Phaulkon aliuawa, Narai akafariki, Phetracha akatwaa ufalme, na Wafaransa wakazingirwa Bangkok hata wakaondoka. Hata hivyo Siam haikuwafukuza wageni wote: mwaka huo huo mkataba na Waholanzi ulifanywa upya.

Kwa maoni yetu, Narai hakukosea kutafuta rafiki. Kosa lilikuwa kumpa rafiki ngome. Mgeni hukaribishwa barazani, akapewa maji na tambuu. Funguo za nyumba hubaki kwa mwenyewe. Kila anayepewa dhamana ya kutia sahihi kwa niaba ya umma, na alikumbuke hilo kabla wino haujakauka.