Uvimbe Uliotoweka Ndani ya Siku Tano, Kisha Ukarudi

Picha za ubongo wa mwanamke mmoja zilivuta macho ya wengi Machi 2024, pale jarida la New England Journal of Medicine lilipochapisha ripoti ya wagonjwa watatu wa glioblastoma, saratani kali ya ubongo, waliotibiwa Massachusetts General Hospital, Boston. Kabla ya tiba uvimbe unaonekana wazi. Siku tano baada ya kutiwa seli za kinga mara moja tu, karibu haupo. Habari hiyo ilisafiri haraka. Nusu yake ya pili haikufika mbali: uvimbe ulirudi. Nusu hiyo ndiyo yenye funzo, kwani inaonyesha tiba hii imefika wapi na imekwama wapi.

Seli zenyewe ni za mgonjwa. Huchukuliwa kwenye damu yake, zikatiwa jeni maabara ili ziitambue saratani, kisha zikarudishwa mwilini. Marekani iliruhusu njia hii dhidi ya saratani ya damu mwaka 2017. Kwenye ubongo mambo ni magumu, kwa sababu seli za glioblastoma hazifanani. Watafiti wa University of Pennsylvania walipolenga alama moja, EGFRvIII, matokeo yao ya 2017 yalionyesha alama ikipungua kwenye uvimbe wa wagonjwa wengi waliochunguzwa, ilhali saratani ikiendelea. Hapo ndipo ubunifu wa timu ya Dk. Marcela Maus wa Boston unapostahili kutazamwa kwa utulivu. Seli zao huishambulia EGFRvIII, na papo hapo hutoa kingamwili yenye pande mbili: upande mmoja hushika EGFR ya kawaida, iliyo kwenye seli nyingi za uvimbe huu, na wa pili hushika seli za kinga zilizo jirani, hata zile ambazo hazikupita maabara, na kuzivuta vitani. Hatari iko wazi: EGFR ipo pia kwenye ngozi. Jibu lao ni mahali. Seli hutiwa kwa mrija mwembamba moja kwa moja kwenye maji ya ubongo, na kingamwili hutengenezwa pale pale inapohitajika, badala ya kuzungushwa mwili mzima.

Mtu atauliza, wagonjwa watatu ni ushahidi gani? Ni mdogo, na hauwezi kusema lolote kuhusu miaka ya kuishi. Lakini tangu 2005 tiba ya kawaida imekuwa upasuaji, mionzi na dawa ya kemo temozolomide, na katika utafiti ulioiweka tiba hiyo nusu ya wagonjwa hawakuvuka takriban miezi 15. Penye historia hiyo, uvimbe kunywea ndani ya siku chache kunathibitisha jambo moja: seli za kinga zinaufikia. Mgonjwa mmoja kati ya watatu uvimbe wake ulipungua kwa zaidi ya asilimia 60, na hali hiyo ikadumu zaidi ya miezi sita. Kwa wale wawili ambao uvimbe wao ulirudi, timu ya Maus iliona sababu mojawapo kuwa seli zilizotiwa hazikudumu mwilini. Ndiyo maana ilifikiria kuzitia mara kadhaa, au kumwandaa mgonjwa kwanza kwa dawa za kemo.

Pingamizi zito zaidi linahusu picha zenyewe. Machi hiyo hiyo ya 2024 watafiti wa University of Pennsylvania, wakitumia seli za aina hii, waliripoti uvimbe kupungua kwa wagonjwa wao wote sita, lakini hakuna aliyefikia kipimo rasmi cha kuitwa aliyeitikia tiba, na wote walipata madhara ya mishipa ya fahamu. Je, picha iliyosafishika ni saratani iliyokufa, au iliyofichika? Dozi ngapi zinatosha, na ubongo utazistahimili? Majibu hayajapatikana.

Kwa hiyo, msomaji mwenye mgonjwa nyumbani, atakayekuuzia seli za kinga kama dawa iliyokamilika ya glioblastoma anakudanganya. Hii bado ni tiba ya majaribio. Muulize daktari wako kuhusu jaribio lililosajiliwa, na usiuze shamba kwa ajili ya picha ya siku ya tano.