Unataka kuweka koilova nyuma ya gari la zamani? Angalia haya kwanza

Kama una Ford Escort ya miaka ya 1970, unajua ilivyo na heshima yake. Ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1972 mikononi mwa Hannu Mikkola, ikarudia mwaka 1977 na Björn Waldegård. Lakini ya kwako ya mtaani springi za nyuma zimechoka, na fundi anakwambia: "Toa hizo, tufunge koilova."

Ngoja kwanza. Kuna jambo moja likisahaulika linaweza kukuharibia gari, au kukuumiza.

Koilova ni nini?

Ni shokapu iliyovalishwa springi, vyote kitu kimoja. Shokapu ya kawaida inatuliza mdundo tu, haibebi gari. Koilova inatuliza na inabeba.

Hapo ndipo penye hatari. Vishikio vya shokapu vya kiwandani havikutengenezwa kubeba uzito wa gari. Ukifunga koilova hapo hapo, bati linaweza kuanza kupasuka polepole bila wewe kujua, na siku ukiingia kwenye shimo kishikio kikang'oka.

Springi za majani zina kazi ya pili

Kwenye Escort, springi za majani ndizo pia zinazoshika ekseli ya nyuma isihame. Ukizitoa, lazima uweke mikono ya chuma ya kuizuia isiende mbele na nyuma, na fimbo ya kuizuia isicheze pembeni. Kama bajeti hairuhusu, bora ubaki na springi za majani nzima na shokapu mpya. Hakuna aibu.

Jinsi ya kuchagua

1. Jua uzito. Tuseme kila springi ya nyuma itabeba kilo 200. Springi ya kilo 4 kwa milimita, ikisimama wima, itabonyea milimita 50 gari likiwa limetulia. Ukikuta imeandikwa pauni kwa inchi, gawa kwa 56 upate kilo kwa milimita.

2. Pima urefu. Weka gari kwenye kimo unachotaka, kisha pima kutoka kishikio cha juu hadi cha chini. Kwa urefu huo, shokapu ibaki na nafasi ya kubonyea na ya kufunguka. Ikiwa karibu imefika mwisho upande wowote, hiyo siyo saizi yako.

3. Usiilaze sana. Ikilala nyuzi 30 kutoka wima, springi ya kilo 4 inafanya kazi kama ya kilo 3. Ikifika nyuzi 45, nguvu inabaki nusu.

Wakati wa kufunga

- Vishikio vya juu vikae kwenye bomba nene lililochomelewa kutoka mhimili mmoja wa chini ya gari hadi wa pili, siyo kwenye bati la buti.
- Boliti ishikwe pande zote mbili. Ikishikwa upande mmoja, itapinda.
- Springi isiguse tairi wala bomba la moshi. Jaribu ekseli ikiwa juu kabisa na ikiwa chini kabisa.
- Ekseli ikining'inia, mpira wa breki usivutike.
- Bushi za mpira kaza mwisho, gari likiwa limekaa kwa uzito wake. Ukizikaza gari likiwa hewani, zitajikunja na kuchakaa mapema.
- Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi.

Ukimaliza, zunguka nalo siku chache, kisha rudi ukague kila boliti na kila sehemu iliyochomelewa.

Na fundi akikwambia "itashika tu, bosi", muulize swali moja: uzito wa gari utakaa juu ya nini? Kama hana jibu, usimwachie funguo.