Mabeki wa Njia Ndefu: Rekodi Zinazopita Ruangwa

Namungo FC ya Ruangwa ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019. Februari 2021 ilikuwa tayari imo katika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ni klabu ya tatu ya Tanzania kufika makundi ya mashindano ya CAF, nyuma ya Simba na Yanga, na ilifika huko kabla ya Azam yenye uwanja wake, akademi yake na fedha zake. Ruangwa ni mji wa korosho, ufuta na madini ya kinywe. Ukitoka Dar es Salaam unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, unaipita Lindi mjini hadi Mnazi Mmoja, unashika njia ya Masasi, kisha pale Nanganga unaiacha barabara kuu. Kwa mji ulio ndani kiasi hicho, kufika makundi ndiyo rekodi kubwa kuliko zote, na sioni klabu nyingine ya mkoani iliyoikaribia kwa kasi ile.

Hata hivyo, kwangu rekodi tamu zaidi za Wauaji wa Kusini ni za mabeki, hasa wale waliozunguka: leo Azam, kesho Simba, keshokutwa Ruangwa. Mpira wetu unawakumbuka wafungaji kwa idadi ya mabao. Beki anakumbukwa kwa kosa moja la dakika ya 90. Naona hapo hatuwatendei haki, kwa sababu mambo kadhaa makubwa ya soka la Tanzania katika miaka hii ishirini yamefanywa na mabeki, na mengine yamefanywa kwa kufunga.

Tuanze na bao la beki lililo kubwa kuliko yote katika historia ya Namungo. Agosti 2, 2020, Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Simba ilishinda 2-1, na bao la Namungo lilifungwa na Edward Manyama, beki wa kushoto. Kwa kuwa Simba ilikuwa pia bingwa wa ligi, tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika ilikwenda kwa aliyefungwa. Manyama hakukaa kusherehekea. Msimu uliofuata alikuwa Ruvu Shooting, kisha Azam. Ndivyo wanavyoishi wengi wa namba tatu: mkataba mfupi, begi dogo, jezi mpya.

Tiketi ile ilizaa mechi ya ajabu kuliko zote ambazo klabu ya kusini imewahi kucheza. Namungo ilikwenda Luanda kukutana na 1º de Agosto, baadhi ya watu wa msafara wakaambiwa wana korona, mechi ikafutwa, na CAF ikaamua michezo yote miwili ichezwe Dar es Salaam. Wa kwanza Namungo ikashinda 6-2. Wa pili ikafungwa 3-1. Jumla 7-5, na safu ya ulinzi iliyoruhusu mabao matano katika mechi mbili ikavuka. Kwenye makundi Raja Casablanca, Pyramids na Nkana hawakuwa na huruma: Namungo ilipoteza mechi zote sita. Hilo nalo liandikwe, maana rekodi ni rekodi hata inapouma.

Sasa kwa mtu mwenyewe. Siku ile ya Sumbawanga, Erasto Nyoni alikuwa mchezaji wa Simba. Mwaka 2023 alivaa jezi ya Namungo. Katika mabeki wa Tanzania wa kizazi chake sijui mwingine aliyekusanya mengi namna hii kwa kelele chache namna hii.

Hesabu mataji yake ya Ligi Kuu. Msimu wa 2013/14 alikuwa na Azam iliyotwaa ubingwa bila kupoteza mechi hata moja: michezo 26, ushindi 18, sare 8, pointi 62. Kisha akahamia Simba mwaka 2017 na kubeba ubingwa misimu minne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21. Hayo ni matano, kwa klabu mbili, na hakuna kati ya hizo mbili iliyomlea tangu utotoni. Kabla ya Azam alishapita Vital'O ya Burundi. Kwa timu ya taifa, yumo katika kundi dogo kabisa la waliovaa jezi ya Taifa Stars mara nyingi zaidi.

Mashabiki walimwita kiraka, na waliotazama mechi wanajua kwa nini. Alicheza namba mbili kulia, alicheza tatu kushoto, alisimama katikati kama kitasa, na kocha alipokosa kiungo mkabaji alimsogeza mbele akawa sita. Mtazame beki wa aina hiyo anapozeeka. Mbio zimepungua, lakini hafiki amechelewa, kwa sababu ameanza kusogea kabla pasi haijapigwa. Mkono mmoja uko juu unampanga kijana wa pembeni, shingo inageuka kulia, inageuka kushoto, na mpira ukimfikia haukai: unaguswa mara moja na kupelekwa upande wa pili wa uwanja. Mshambuliaji wa miaka ishirini atampita kwa kasi mara mbili, lakini mara ya tatu atakuta njia imeshafungwa.

Na mabao yake yana uzito mkubwa kuliko idadi yake. Juni 16, 2007, akiwa na umri wa miaka 19, alifunga bao pekee Taifa Stars ilipoifunga Burkina Faso 1-0 kwao Ouagadougou, enzi za kocha Marcio Maximo, tulipokuwa tukiitafuta AFCON ya Ghana 2008. Hatukufika Ghana, Msumbiji ilikuja kutukatisha tamaa nyumbani. Miaka kumi na miwili ikapita. Machi 24, 2019, Uwanja wa Taifa umejaa, tunaitaka Misri, na Uganda ndiyo iko mbele yetu. Simon Msuva akafunga dakika ya 21. Dakika ya 51 ikapatikana penalti, na mpigaji akawa Nyoni. Uwanja mzima ukiwa umeshika roho, nchi ikiwa na miaka 39 tangu AFCON yake ya mwisho, ile ya Nigeria 1980, beki akaweka mpira chini na kuutia wavuni. Dakika ya 57 Aggrey Morris, beki mwingine, akaongeza la tatu. Mabao matatu yaliyotupeleka Misri, mawili ni ya mabeki. Kwangu hiyo ndiyo siku kubwa kuliko zote za mabeki wa Tanzania, na nasikitika kwamba wengi wanapoisimulia huwataja kocha Amuneke na Msuva, kisha huendelea na mengine.

Waliokaribia siku ile ni wachache. Shadrack Nsajigwa, beki wa kulia na nahodha, alifunga kwa penalti bao pekee la fainali ya Kombe la Chalenji, Desemba 2010, Kilimanjaro Stars, timu ya Tanzania Bara, ilipoifunga Ivory Coast walioalikwa, na kombe likabaki Dar es Salaam. Nadir Haroub wa Yanga, Machi 1, 2014, aliifunga Al Ahly waliokuwa mabingwa wa Afrika, 1-0, kabla ya Waarabu hao kuvuka kwa penalti kwenye marudiano kwao Misri.

Huyo Nadir tunamwita Cannavaro, na jina hilo linatupeleka Italia, nchi ambayo beki anaheshimiwa kama fundi mkuu. Fabio Cannavaro naye hakuwa mtu wa klabu moja. Alianza Napoli, akaenda Parma, Inter, Juventus, Real Madrid, akarudi Juventus na kumalizia Dubai. Fainali ya Kombe la Dunia ya Julai 9, 2006 jijini Berlin ilikuwa mechi yake ya 100 kwa Italia, akanyanyua kombe, na mwaka huohuo akapewa Ballon d'Or. Paolo Maldini, yeye, alibaki Milan tangu mwanzo hadi mwisho, mechi zaidi ya 900. Italia imeziheshimu njia zote mbili. Kwetu, anayehama bado huonekana msaliti au mtu asiyetulia.

Kwa umbali, Cannavaro wetu ndiye bingwa: mwaka 2009 alikwenda Vancouver Whitecaps ya Kanada pamoja na Nizar Khalfan, kijana wa Mtwara. Shomari Kapombe alifika Cannes, Ufaransa. Abdi Banda alizunguka klabu kadhaa za Afrika Kusini. Hassan Kessy alicheza Nkana ya Zambia, klabu ileile iliyokuja kuisumbua Namungo. Kelvin Yondani hakuvuka mpaka, lakini baada ya Simba na miaka minane ya Yanga aliendelea kuvuja jasho Polisi Tanzania na Geita Gold, umri ambao wenzake walishatundika daluga.

Ukuta mgumu kuliko wote kwa ngazi ya klabu? Azam ya Kombe la Kagame 2015, iliyobeba ubingwa bila nyavu zake kutikiswa hata mara moja, pamoja na robo fainali ya 0-0 na Yanga iliyoamuliwa kwa penalti na fainali ya 2-0 dhidi ya Gor Mahia. Sijaona timu ya kwetu iliyofanya hivyo tena kwenye mashindano hayo.

Klabu za mikoani ndizo zinazowapokea mabeki hawa wanapomaliza zamu zao Kariakoo, na vijana wa Ruangwa na Nachingwea hujifunza kwa kuwatazama mazoezini. Basi ombi langu kwa uongozi wa Namungo ni moja. Andikeni pale Uwanja wa Majaliwa, mahali ambapo kila anayeingia ataona, majina ya mabeki wote waliowahi kuichezea timu hiyo: mechi walizocheza, dakika, na mechi ambazo hawakuruhusu bao. Manyama awemo, kwa bao la Sumbawanga. Nyoni awe juu ya orodha.