Mizani kwa Kila Mtoto

Miongoni mwa matunda ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ni kupelekwa tiba mpaka mashamba na visiwa vidogo, bila ya ubaguzi. Lakini kumfikishia mwananchi dawa ni jambo moja, na kumpa kwa kipimo kinachomstahiki ni jambo jingine. Katika hili, mwenye kudhurika mwanzo ni mtoto.

Wako wazazi wanaokata kidonge cha mkubwa kwa kukisia, wakidhani wamefanya hadhari. Hiyo si hadhari. Dawa ya mtoto hupimwa kwa uzito wake. Parasetamoli, kwa mfano, haizidi miligramu 15 kwa kila kilo kwa mara moja. Basi mtoto wa kilo 6 mwisho wake ni miligramu 90, na kidonge cha kawaida kina 500. Hata robo yake imekwisha kupita kiasi.

Wala tofauti si ya kipimo peke yake. Ini na figo za mtoto mchanga hazijakomaa, na dawa inayomtoka mkubwa upesi huselelea mwilini mwake. Mwaka 1959 madaktari wa Marekani walieleza vifo vya watoto wachanga waliopewa kloramfenikoli, dawa iliyokuwa ikiwaponya wakubwa.

Tena karibu robo tatu ya uzito wa mtoto mchanga ni maji. Akiharisha huweza kukaukiwa kwa muda mfupi mno. Na mkubwa husema wapi panamuuma, lakini mtoto hana ila kilio. Kwa hiyo muuguzi hana budi kumhesabia pumzi: mwenye kikohozi, wa miezi 2 hadi 11, akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, hushukiwa kichomi, wa mwaka 1 hadi 5, mara 40.

Haya yote hayahitaji mashine kubwa. Yanahitaji mizani iliyo sahihi, saa, na dawa zilizotengenezwa kwa watoto. Wakuu wanaohusika wahakikishe kuwa hakuna kituo cha afya kinachokosa vitu hivyo. Si haki mama wa Kojani au Tumbatu avuke bahari kutafuta mizani.

Na sisi wazazi tuwache kukisia. Tumpeleke mtoto apimwe kwanza, ndipo apewe dawa.