Mchunguzi wa Merikebu Zilizozama

Kila mtoto wa Ifakara aujua mtumbwi. Wandamba huuchonga katika gogo moja, nao huutumia kuvulia samaki na kuvukia maji ya Kilombero. Je, mtumbwi ukizama na kufunikwa na matope, habari zake zimekwisha? Sivyo. Mti uliozikwa katika matope yasiyopata hewa huoza polepole sana. Waweza kudumu mamia ya miaka. Kwa sababu hiyo wako wataalamu ambao kazi yao ni kuchunguza vyombo vilivyozama.

Mmoja wao alikuwa Robin Piercy. Mwaka 1977 alianza kuongoza uchunguzi wa Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyoundwa Bara Hindi. Merikebu hiyo ilizama Mombasa, mbele ya Fort Jesus, mwezi wa Oktoba 1697, ilipokuja kuwasaidia Wareno waliozingirwa ngomeni na Waarabu wa Omani. Kazi iliendelea mpaka mwaka 1980.

Labda mtauliza, kwa nini wasiviokote vitu vyote kwa siku chache? Jibu ni hili: kitu kilichoondolewa mahali pake bila kupimwa ni kama ukurasa uliochanwa kitabuni, hujui ulitangulia nini wala ulifuata nini. Basi wapiga mbizi walishuka kwa zamu, wakapima na kuchora kila kitu kabla ya kukipandisha.

Hata kikipandishwa, hatari haijaisha. Chuma kilichoingiwa na chumvi hubomoka kikikauka, na mbao hupasuka. Hivyo hulowekwa kwanza katika maji yasiyo na chumvi. Vitu vingine vya merikebu ile vimewekwa katika makumbusho ya Fort Jesus. Bali mbao za merikebu yenyewe zilifunikwa tena kwa mchanga, ili zisiharibike.

Kazi hii si ya wageni tu. Caesar Bita, wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, amechunguza merikebu iliyozama Ngomeni, karibu na Malindi. Atakaye kazi hii hana budi kujua kupiga mbizi, kupima, kuchora, na kusoma habari za kale.

Nanyi, mkiona mtumbwi wa kale matopeni maji yakipungua, msiupasue kuni wala msiung'oe. Uacheni ulipo, mkamwambie mwalimu wenu.