Ndoto ya Kupigwa na Mkeka wa Judo



Huku internati, taa zikizimwa, watu hawazungumzi interogasiyo ya kesho. Wanazungumza ndoto. Na ile inayorudi kuliko zote ni hii: mtu anakufukuza, unataka kukimbia, miguu inakataa, unataka kupiga kelele, sauti haitoki. Anakufikia, anakupiga. Sisi wenyewe tumeiota mara mingi. Wengine wanasemaga kwamba uso uliouona ni wa mlozi wako. Si jambo la kuchekea: mwenzetu mmoja alikuwa karibu apigwe na kikundi, juu ya kuonekana tu katika ndoto ya mwingine.

Mwaka 1953, kule Chicago, Aserinsky na Kleitman waliandika kwamba kuna saa za usiku ambapo macho ya mwenye kulala yanakimbia-kimbia chini ya kope. Ukimwamsha wakati ule, mara nyingi atakusimulia ndoto. Saa hizo misuli ya mikono na miguu inalegea karibu kabisa, na ni heri, sivyo tungepigana vitandani kila usiku! Inafika pia akili iamke mbele ya mwili. Unaona yote, lakini huwezi kujitikisa, ni kama mtu amekukalia kifuani. Hakuna aliyekukalia. Kisha muda kidogo mwili unafunguka wenyewe. Na zile nyuso? Tunalala na watu tulioshinda nao, hasa wale tuko na magomvi nao. Muhubiri 5:3 anajua kwamba shughuli nyingi zinaleta ndoto.

Hatusemi ndoto zote ni bure, Yozefu tunamjua. Lakini someni vizuri Mwanzo 41: kisha ndoto ya Farao walikusanya ngano miaka 7. Wajapani nao wanasimulia habari ya Muso Gonnosuke, wa karne ya 17, aliyeshindwa na fundi wa upanga Miyamoto Musashi. Alikwenda kuomba juu ya mlima Homan, na katika ndoto akaonyeshwa fimbo ya mviringo. Haikutosha kuamka. Ilibidi achonge ile fimbo, sentimita 128 hivi, na ajizoeze nayo.

Ndoto yetu ilitupeleka ku judo. (Si karate ya sinema: hapa hakuna ngumi wala teke.) Anayekuja kutafuta kulipiza atashangaa, kwa sababu siku za kwanza ni kuanguka tu. Unaanguka nyuma, kidevu kifuani kusudi kichwa kisigonge, unatoa pumzi, na mkono mzima unapiga mkeka kandokando ya mwili. Usinyooshe kamwe mkono nyuma kujizuia, kiganja kitavunjika. Chuchumaa kwanza, kisha ufanye ukiwa umesimama. Mwenye kuogopa kuanguka anakakamaa, na mwenye kukakamaa anaangushwa upesi.

Aliyeanzisha judo, Jigoro Kano, alikuwa kijana mdogo wa mwili, na wenzake wa masomo walimtesa. Mwaka 1882, ku hekalu la Eishoji pale Tokyo, alianza kufundisha wanafunzi 9 juu ya mikeka 12. Baadaye alikuwa mkubwa wa masomo ya kutayarisha walimu. Mwaka 1964 judo iliingia katika michezo ya Olimpiki.

Je, ndoto imekwisha? Inarudi bado. Mmoja wetu anasema sasa anaangushwa ndani ya ndoto, na anapiga mkono chini. Na yule aliyeota, pamoja na yule aliyeonwa, wote wawili wanavaa mukaba mweupe. Hawajapendana sana. Lakini mmoja akimtupa mwenzake, hamwachilii mkono wa nguo, kusudi asiangukie kichwa.

Wanaotaka wafike Jumatano kisha masomo. Kucha zikatwe, saa na shanga zibaki internati, na nguo iwe nzito, bila vifungo.