Pakua Rekodi Zako Bila Kupoteza Sufuri

Ni mwisho wa mwezi. Mteja anaapa alikulipa 4,500, lakini kwa hesabu zako humwoni. Unafungua faili uliyopakua, unatafuta namba yake ya simu, hakuna. Kabla hamjakosana, hebu tuangalie hiyo faili kwanza.

Ukiingia kwenye akaunti yako ya biashara kupitia kivinjari, unachagua tarehe na kupakua miamala yako kama CSV. Hii ni faili ya maandishi tu: kila muamala una mstari wake, na koma ndizo zinazotenganisha tarehe, risiti, simu na kiasi. Ndiyo maana inafunguka kwa Excel na hata Google Sheets.

Shida huanza ukiibofya mara mbili. Excel inadhani namba ya simu ni ya kujumlishwa. Ile ya 07 inapoteza sufuri ya mbele, na ile ya 254 yenye tarakimu 12 inaonekana kama 2.547E+11. Hapo faili yenyewe bado ni nzima. Lakini ukisevu juu yake kama CSV, kinachobaki ni kile unachokiona. Tarakimu zilizofichika hazirudi tena.

Fanya hivi:

1. Fungua Excel ikiwa tupu. Nenda Data, kisha From Text/CSV, uchague faili yako.
2. Bonyeza Transform Data na ugeuze safu ya simu iwe Text. Ukiulizwa, chagua Replace current, halafu Close & Load.
3. Sevu kazi yako kama Excel Workbook, kwa jina jingine. CSV ya mwanzo usiiguse.

Kwa Google Sheets, pitia File, Import, kisha utoe tiki kwenye Convert text to numbers, dates, and formulas.

Uko saiba? Ukimaliza, jitumie faili, uifute kwenye Downloads na Recycle Bin, halafu utoke kwenye akaunti. Hizo ni namba za wateja wako, si za atakayekaa hapo baada yako.

Na usitupe CSV zako za kila mwezi. Sheria ya kodi inataka utunze rekodi za biashara kwa miaka 5.

Sasa mtafute yule mteja tena. Huenda alilipa kweli, ni sufuri tu iliyomficha.